Mabawa Niliyoyafuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, na kazi ilikuwa ianze saa mbili. Nilisimama nje ya geti la bustani pale Musoma, upande wa ziwani, katika shati nililolipiga pasi mara mbili, nikifungua begi na kulifunga ili kuhakikisha betri zipo. Zilikuwepo. Nikahakikisha tena. Mlinzi alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Dada, umeibiwa?" Nikamjibu hapana, nimeajiriwa. Akacheka, akaniletea kiti.

Ninaandika haya kwa sababu Mhifadhi, yaani mkuu wa bustani ya Bunda nilikofanyia kazi baadaye, ameniomba niwaachie kurasa chache ninyi wawili mtakaopokea kamera. Alisema niandike kumbukumbu za kazi, "kama wazee wanavyoandikaga wakistaafu." Nina miaka thelathini na moja. Mama yangu, ambaye bado anauza samaki Nyakato na hana mpango wa kuacha, alicheka mpaka akakaa chini nilipomwambia nimestaafu. Lakini kazi ya kupiga picha vipepeo wanaohama nimeiacha kweli, na kwa kuwa sijui mtu mwingine hapa kwetu aliyeifanya kabla yangu, basi mimi ndiye mzee wake. Nivumilieni.

Sikusomea picha. Nilijifunza kwa simu, nikitazama video za watu nisiowajua, nikisimamisha na kurudisha nyuma mpaka bando linaisha. Kamera ya kwanza niliikodi kwa mpiga picha wa harusi ambaye macho yake yalikuwa yanachoka. Kwa miaka minne nilipiga picha za pasipoti, vipaimara, harusi na misiba. Wateja ndio walionifundisha kufuta. "Dada, hiyo chunusi itoe." "Hilo tumbo lipunguze kidogo." "Hiyo niliyofumba macho asiione mtu." Nikawa hodari. Ikawa siwezi kumpa mteja picha ishirini kama moja ina kasoro. Nitampa kumi na tisa, halafu niumie moyoni kwa ajili ya ile moja ambayo hata hajaiona. Nawaambia mapema ili mjue kwamba kosa nitakalolisimulia halikuanzia Bunda. Nilikwenda nalo.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mtafiti wa wadudu. Tulimwita Daktari, na kwa sababu ya jina hilo akina mama wawili watatu wa jirani waliwahi kumfuata na maumivu ya mgongo, naye aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawaelekeza hospitali. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana, asiyeinua sauti. Aliyekuwa juu ya wote katika mradi alikuwa Mratibu, aliyekuja mara moja moja na gari, na wageni.

Vipepeo wenyewe ni wadogo, weupe, wenye mishipa ya kahawia inayokolea kwenye ncha za mabawa. Mmewaona. Kila mtu wa Mara amewaona, baada ya mvua, wakipita kwa siku kadhaa wote kuelekea upande mmoja kama watu wanaotoka ibadani. Wakiwa viwavi wanakula majani ya vichaka vya aina chache tu. Vichaka vikiisha majani, wale wanaopata mabawa wanaondoka kutafuta vingine. Swali la Daktari lilikuwa: hawa wanaopita kwetu wametokea wapi? Wamezaliwa hapa hapa, au wamesafiri?

Jibu alilitafuta kwenye mabawa. Kipepeo akitoka tu kwenye ganda, bawa lake limejaa magamba madogo. Ni ule unga unaobaki vidoleni ukimshika. Kadiri anavyoruka, unga unapukutika, rangi inafifia, miiba na midomo ya ndege inachana kingo. Bawa haliponi. Likichanika, limechanika. Sisi tuliwapanga kwa madaraja tuliyoazima kwa wauza mitumba: gredi ya kwanza ni mabawa mapya, gredi ya pili yamefifia, gredi ya tatu yamechanika. Mkiwa na wengi wa gredi ya kwanza, wamezaliwa karibu. Mkiwa na wengi wa gredi ya tatu, wametoka mbali. Kazi nzima imesimama juu ya jambo hilo moja, na ukiliharibu hilo hakuna kingine kitakachobaki.

Namna ya kupiga ilikuwa hivi. Tulisimika mianzi miwili, na nafasi iliyo katikati tukaiita lango. Saa ya mkononi ililia kila dakika. Ikilia, unampiga picha kipepeo aliye karibu nawe zaidi langoni, awe anaruka au ametua. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafumbua jicho lake, tuliiweka fupi sana, sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, ili bawa lisitoke kama moshi. Hata hivyo lilitoka kama moshi mara nyingi.

"Usichague," Daktari aliniambia siku hiyo ya kwanza. "Wewe si mchumba wake."

"Na picha ikitoka vibaya?"

"Ilete."

"Hata ikiwa ukungu mtupu?"

"Ukungu unaniambia alikuwepo. Ilete."

Nilisema sawa. Nilielewa kwa kichwa. Mwili wangu haukuelewa.

Wiki ya tatu Mratibu alileta wageni, akataka waonyeshwe kazi. Picha zikarushwa ukutani kwa projekta. Moja ilikuwa nzuri mno: kipepeo ametua juu ya ua, mabawa wazi, kila mshipa unahesabika. Mratibu alisema, "Huyu binti ana jicho." Nikahisi joto mpaka masikioni. Picha iliyofuata ilikuwa ya kipepeo ambaye nusu ya bawa la nyuma haikuwepo, na nusu iliyobaki ilikuwa imetoka ukungu. Mratibu akauliza, "Na huyu je, ameliwa na panya?" Wageni wakacheka. Hawakunicheka mimi, najua leo. Daktari mwenyewe hakucheka, akaandika kitu kwenye daftari lake, na ninaamini aliandika "gredi ya tatu." Lakini nilichorudi nacho nyumbani kilikuwa kile kicheko.

Msimu uliofuata nilipelekwa Bunda peke yangu. Bustani ya kule ni kipande cha msitu wa asili pembezoni mwa mji, si kikubwa. Unaweza kuuzunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Upande mmoja kuna mashamba ya pamba, upande wa pili kuna barabara ya lami inayokwenda Mwanza, na katikati ya bustani inapita njia ya ng'ombe inayoshuka hadi lambo. Pale njia inapokata bonde, maji hayakauki upesi. Kwato zinakanyaga, ng'ombe wanakojoa, na linabaki tope jeusi lenye chumvi. Vipepeo wanalipenda tope hilo kuliko maua. Wanashuka kwa mamia, wanakunja mabawa, wananyonya chumvi. Daktari aliniagiza niweke lango hapo hapo.

Huko nilikutana na Baba Magesa. Alikuwa na ng'ombe wasiozidi kumi na watano, na kila asubuhi alipita nao katikati ya lango langu. Aliwapiga miluzi wasimame mpaka nimalize dakika yangu, halafu akapita akinitania.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama wa wadudu. Wanakulipaga hawa?"

"Wananilipa kidogo."

"Mimi ng'ombe zangu hujazipiga hata moja, na ndiyo zimewapikia chakula wadudu wako."

Siku moja alisimama nyuma yangu, akachungulia kioo cha kamera. Nilikuwa napitia picha za asubuhi. Alikuwepo mmoja aliyechanika mabawa yote mawili ya mbele, ametua kwenye tope akiwa ameinama upande. Nikabonyeza, akatoweka.

"Mbona umemtoa?"

"Hakutoka vizuri, baba."

"Kwani unapiga picha za kupeleka posa?" Akacheka sana, akawafuata ng'ombe wake, na nilimsikia akilirudia neno hilo mpaka chini lamboni.

Hivyo ndivyo nilivyofanya msimu mzima. Mchana, kuanzia saa saba, jua linapokuwa kali na vipepeo wanapungua, nilikaa kivulini na mkate na soda, nikasafisha. Neno nililotumia lilikuwa hilo, kusafisha. Kwanza niliondoa zilizotoka ukungu. Kisha zenye vipepeo waliochanika, kwa sababu nilijiambia kwamba Daktari ameshawaona wa namna hiyo Musoma, hahitaji wengine. Kisha na waliofifia kidogo, kwa sababu wakikaa kando ya wale wazima walionekana wachafu. Sikukaa hata mara moja nikawaza kwamba ninadanganya. Niliwaza kwamba ninafanya kazi vizuri kuliko nilivyoombwa.

Liko jambo la pili, na ndilo linaloniaibisha zaidi. Kamera hutoa namba kwa kila picha kwa mfuatano. Ukifuta, panabaki pengo: baada ya arobaini inakuja arobaini na saba. Mapengo yale yalinikera kama jino lililong'oka. Kwa hiyo nilipohamishia picha kwenye kompyuta, nilizipa namba upya, moja, mbili, tatu, bila pengo. Halafu nikasafisha kadi. Picha niliyoifuta ikawa haipo mahali popote duniani, na hata dalili kwamba iliwahi kuwepo haikubaki.

Niliporudisha kazi, Daktari aliipitia siku nzima akasema, "Safi sana." Nikalala vizuri usiku huo. Nakumbuka kwa sababu huwa silali vizuri.

Miezi kadhaa baadaye niliitwa Butiama. Huko mradi ulikuwa na chumba kimoja chenye meza mbili, na Daktari alikuwa anamalizia ripoti. Kazi yangu ilikuwa kuchagua picha ya jalada na kuandika maelezo chini ya picha nyingine. Kazi ya heshima. Alinipa rasimu niisome ili maelezo yangu yaendane na maandishi yake. Nilifika sehemu ya Bunda. Ilisema kwamba karibu mabawa yote yaliyopigwa picha Bunda ni mazima, kwa hiyo vipepeo wale wanazaliwa katika vichaka vya bustani ile ile. Ilisema ng'ombe wanaopita wanavunja vichaka hivyo. Ikapendekeza njia ya ng'ombe ifungwe kwa uzio, na pendekezo hilo lilikuwa limeshapelekwa kwa kamati ya bustani.

Nilisoma mara tatu. Sentensi zote zilikuwa sahihi. Kila moja ilitokana na ile iliyotangulia, na ya kwanza kabisa ilitokana nami.

Njia ile ikifungwa, Baba Magesa angelazimika kuwazungusha ng'ombe kupitia lami, kwenda na kurudi, pale ambapo mabasi ya Mwanza na Musoma yanashindana. Nilijua hilo. Nilikuwa nimesimama kwenye njia hiyo msimu mzima.

Sikusema kitu siku hiyo. Wala ya pili. Sitajipamba: nilitafuta namna ya kutosema. Nilijiambia pengine Daktari yuko sahihi kwa bahati, pengine kweli wanazaliwa pale. Nilijiambia kamati ya bustani haitakubali. Nilijiambia namba zinafuatana, hakuna atakayejua kamwe, na wazo hilo lilinitisha kuliko mengine yote kwa sababu lilikuwa kweli. Niliandika maelezo ya picha, nikayaandika upya, nikabadilisha koma.

Siku ya tatu Daktari alipokea simu, akaongea kwa furaha, akakata. "Mhifadhi anasema kamati imekubali," akaniambia. "Nguzo za uzio zimeshashushwa."

Nikasema, "Daktari, zile picha za Bunda si zote."

"Zipo nyingine? Zilete."

"Hazipo. Nilizifuta."

Aliacha kuandika. "Zilizotoka ukungu?"

"Hizo, na za waliochanika."

"Gredi ya tatu."

"Na ya pili pia, baadhi."

"Ngapi?"

"Sijui."

"Kadiria basi."

"Siwezi. Nikikadiria nitakuwa nakudanganya tena."

Alivua miwani, akaiweka juu ya rasimu. "Namba zinafuatana. Ndicho kitu cha kwanza nilichokagua, maana najua watu hufuta."

"Nilizipanga upya."

"Ili nisijue?"

Hapo nilitamani kujibu ndiyo, kwa sababu ndiyo ingeeleweka. "Hapana. Mapengo yalikuwa yananisumbua."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha yoyote. "Mwizi ningemwelewa," akasema. "Wewe nikufanyeje?"

Nilianza kulia, nikaomba msamaha, nikasema sijui nimekuwaje. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Machozi yako sitayaandika kwenye ripoti. Kesho tunakwenda Bunda. Utawaambia wewe. Mimi nitakaa pembeni."

Tulikwenda. Kamati ilikaa katika ofisi ya kata, watu wanane kwenye mabenchi, na Mhifadhi mbele. Nje, nguzo zilikuwa zimelazwa kando ya ukuta, nikazipita wakati wa kuingia. Baba Magesa alikuwepo pamoja na wafugaji wengine wawili. Walikuja kuomba uzio uachwe na geti, walau asubuhi na jioni. Nilisimama. Nilikuwa nimeandika hotuba kwenye karatasi, nikaisahihisha njia nzima kutoka Butiama. Sikuisoma. Nilisema nilichofanya, kwa maneno machache na ya haraka, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

Baba Magesa ndiye aliyeuliza kwanza.

"Subiri kwanza. Ng'ombe zangu zilikuwa zivuke lami, na mabasi yanavyokimbiaga pale, kwa sababu kuna vipepeo hukupenda sura zao?"

"Ndiyo, baba."

"Hukuzipenda tu. Basi."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwaga nasimamisha ng'ombe zangu upige." Hakupaza sauti. Aligeuka kwa mwenzake, akasema kitu kwa lugha ya nyumbani, na mwenzake akatikisa kichwa. Sikuuliza kilikuwa nini.

Mjumbe mmoja alitaka nifukuzwe hapo hapo. Mwingine alisema nguzo zimeshafika, uzio ujengwe tu, mambo ya vipepeo yatafuata. Daktari alikuwa ameahidi kukaa pembeni, lakini hapo alisimama. Alisema ripoti imeandikwa kwa jina lake, na kwamba anaiondoa. Alisema hajui tena vipepeo wa Bunda wanatoka wapi, na asiyejua hana haki ya kumfungia mtu njia. Mhifadhi aliwatazama wote, akaamua: uzio usubiri msimu mmoja, picha zipigwe upya, na azipige huyu huyu aliyeharibu, chini ya usimamizi.

Usimamizi wenyewe ulikuwa hivi. Daktari alibandika plasta ya kidonda juu ya kioo cha kamera, nisione nilichopiga. Kila mchana askari wa bustani alichukua kadi mkononi mwangu na kumpelekea Mhifadhi, naye alihamisha picha mwenyewe, na mapengo yake kama yapo. Sikuruhusiwa kuziona. Kwa mtu kama mimi ilikuwa kama kuoga bila kujua sabuni imetoka. Siku za kwanza nilikuwa nagusa plasta ile kwa kidole kila baada ya picha.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo sikuitegemea. Nilianza kuwatamani waliochanika. Saa ikilia, macho yangu yalikwenda yenyewe kwa yule mwenye bawa bovu, kwa sababu kila bawa bovu lilikuwa upande wa Baba Magesa. Nilitaka kumlipa. Siku ya nne nilimpigia Daktari simu nikamwambia. Akasema, "Hapo ni kufuta tena, ila unafutia upande mwingine. Usitamani kitu. Aliye karibu, piga."

"Na ikitokea kwamba wanazaliwa hapa kweli?"

"Njia itafungwa, na itakuwa imefungwa kwa haki."

"Na Baba Magesa?"

"Sikukuajiri kwa ajili ya Baba Magesa. Wala kwa ajili ya jalada la ripoti. Aliye karibu, piga."

Hayo ndiyo mafunzo niliyoyapata kazini, yote kwa jumla. Mengine mtayapata kwenye simu zenu.

Baba Magesa alipita kila asubuhi kama kawaida. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, na hakusimamisha ng'ombe. Walipita katikati ya lango, vipepeo wakatimka kama karatasi, na nikakosa dakika mbili au tatu. Niliandika kwenye daftari, "dakika zimepotea, ng'ombe," kwa sababu hilo nalo lilikuwa jambo lililotokea.

Msimu ulipokwisha, Daktari alikuja Bunda, akakaa na picha siku sita. Pia yeye na Mhifadhi walipekua vichaka vya bustani, jani kwa jani, wakitafuta mayai na viwavi. Walivipata, lakini vichache, kwenye vichaka vya kona moja iliyo mbali na njia. Mabawa yakaonyesha hayo hayo: wachache wazima, wengi wamefifia, wengi zaidi wamechanika. Walikuwa wasafiri. Bunda wanapumzika tu na kunywa, na wanachokunywa ni lile tope linalotengenezwa na ng'ombe. Ukifunga njia, tope linakauka, na vipepeo wanapita juu bila kushuka. Picha zangu safi zingewafukuza ng'ombe na vipepeo kwa pamoja.

Kamati ikakutana tena. Njia ikaachwa. Nguzo zikapelekwa kuzungushia kitalu cha miche.

Nilimfuata Baba Magesa nje. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi.

"Usinitazame hivyo," akasema, "mimi sitakushukuru. Mtu akichukua kitu chako halafu akakirudisha, unamshukuru?"

"Hapana, baba."

"Haya." Akatembea kidogo, akasimama. "Kesho una kazi?"

"Kesho nafunga vifaa."

"Njoo nayo hiyo mashine kabla hujafunga. Kuna ng'ombe moja nataka uipige, ile ya pembe moja. Na usiniletee yenye pembe mbili."

Nilimpigia picha hiyo. Ameiweka ukutani sebuleni, nimeambiwa na Mhifadhi.

Baada ya hapo nilifanya misimu mingine miwili, Musoma na Bunda, bila plasta, na sasa mradi umefika mwisho wake na unaanza mdogo zaidi, wenu ninyi. Niliulizwa kama nataka kuendelea. Nilisema hapana. Si kwa sababu ya aibu. Niligundua kwamba naweza kufanya kazi hii vizuri, ila kwa nguvu zote. Kila dakika saa ikilia ninapigana na kidole changu, na mtu hapaswi kuishi akipigana na kidole. Nimerudi kwenye vipaimara na harusi, ambako wateja wananilipa kwa ugonjwa huu.

Ninyi sijawafahamu. Labda hamna tatizo kama langu. Labda mna jingine: uvivu, haraka, au kupenda kumfurahisha bosi. Sina ushauri wa kila ugonjwa. Ila mkiona mnafanya kazi vizuri kuliko mlivyoombwa, simameni kidogo mjiulize nani aliomba.

Ripoti imetoka mwezi uliopita. Kabla ya kuchapwa, Daktari alinitumia ukurasa mmoja niupitie. Ulikuwa na maneno haya: "Picha za msimu wa kwanza zilizopigwa Bunda na Nyabwire hazikutumika, kwa sababu mpiga picha aliondoa vipepeo wenye mabawa yaliyochanika." Chini yake aliandika kwa kalamu kwamba kama nataka, jina langu anaweza kulitoa, ibaki "mpiga picha" tu. Ni mahali pekee katika ripoti nzima ambapo jina langu limetajwa. Nilikaa na ukurasa ule jioni nzima mezani kwa mama, kalamu mkononi.

Asubuhi nilimrudishia Daktari ukurasa huo mkononi. Aliugeuza mbele na nyuma, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta nilipogusa. Hakukuwa na alama yoyote.